Picha ya pombe haina asubuhi

Wasee wa Makadara, leo tuongee ukweli.

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mwenye duka la pombe, zile tunaita wines. Duka jipya, taa za buluu, bango kubwa kuliko mlango. Alikuwa ameona picha zangu za kuta za baa na akazipenda. Alitaka posti nne tu: vijana kadhaa, chupa juu, vicheko, wikendi imefika. Pesa aliyotaja ingelipa kodi yangu ya mwezi na ibaki ya bando. Nikakataa. Tangu siku hiyo naulizwa kama nimeokoka. Sijaokoka. Ngoja niwaeleze.

Kwanza, hizo picha za kuta nazipenda na sitaacha kuzipiga. Toka Hamza, pita Maringo, kata hadi Jericho, halafu uangalie kuta. Ndovu mweusi juu ya rangi ya njano. Mbuzi amechorwa akitabasamu kando ya jiko litakalomchoma. Chupa ina matone ya baridi, na ndani friji ilikufa kitambo. Kwa kaunta pameandikwa mkopo ni kesho, na hiyo kesho haijawahi kufika. Hiyo ni kazi ya fundi wa brashi, mkono wake tu, bila kompyuta. Siku zikifutwa zote nitalia.

Pili, sitawadanganya ati baa ni shimo la shetani. Nyumba nyingi za Kaloleni, Maringo na Jericho zilijengwa na baraza la jiji kwa wafanyakazi Waafrika, na ni ndogo. Wageni watano wakija, mmoja anakaa mlangoni. Basi baa ikawa sebule ya mtaa. Hata wakoloni walilijua hilo: manispaa ya Nairobi ilijipa haki ya kuuzia Waafrika pombe ya kienyeji kwenye kumbi zake, na faida ikalipia huduma za mitaa hiyo hiyo ya Waafrika. Yaani mlevi alikuwa anajijengea mtaa bila kujua. Na jirani yetu alipofariki, kamati ya matanga ilikaa baa. Hesabu ya mchango iliandikwa kwa karatasi ya kufungia nyama. Wazee waliokuwa wamelewa ndio waliohakikisha mwili umefika ushago.

Kwa hivyo furaha iliyo kwenye picha si uongo. Shida ni kwamba picha inaanza saa moja jioni na kuisha saa tatu usiku. Haina asubuhi.

Chukua huyo ndovu wa ukutani. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka wa 1922, na mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na ndovu akiwa kwenye uwindaji. Bia ikaitwa Tusker kumkumbuka. Picha inayochangamsha kuta zetu kuliko zote asili yake ni msiba, na ukiangalia ukuta huwezi kujua.

Sasa yangu. Kwa simu nina picha mbili za rafiki yangu mmoja, tulisoma naye. Ya kwanza ameinua mzinga, anacheka meno yote nje, jua linazama nyuma yake. Ilipata laiki kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeposti. Mimi ndiye nilimwambia ainue chupa juu kidogo, mwanga uingie. Ya pili niliipiga miaka minne baadaye. Amelala kando ya mtaro, kiatu kimoja hakipo. Niliipiga nikidhani kesho tutaicheka. Kesho yake mathe wake akanipigia akiuliza kama nimemwona mtoto wake. Alipatikana, asante Mungu, lakini kibarua cha Indaa kilienda wiki hiyo. Ya pili sijawahi kuposti na sitaiposti, ni aibu ya mtu. Ila ya kwanza niliposti bila kufikiria hata dakika moja.

Mtaniambia kila mtu ana akili yake, sikumshikia chupa mdomoni. Kweli. Lakini sheria ya mwaka wa 2010 inakataza kuuzia mtu wa chini ya miaka 18, inataka baa iwe mita 300 kutoka shuleni, na chupa lazima iwe na onyo. Posti yangu haina onyo na haina mita 300. Inaingia hadi kitandani kwa mtoto wa kidato cha pili, na yeye haioni kama tangazo. Bango la barabarani anajua linauza kitu. Mimi ananiona kama bro wa mtaa.

Ndiyo maana sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipopendekeza watu maarufu na sisi wa mitandaoni tukatazwe kutangaza pombe, wenzangu walipiga kelele kwamba tunanyimwa kazi, mimi nikanyamaza. Kuhusu umri wa kunywa kupanda hadi 21, hapo nina maswali, kwa sababu mtu wa 18 anapiga kura. Na serikali isijifanye malaika. Mwaka wa 2004 keg ya Senator ilipoingia sokoni, ushuru wake ulipunguzwa ili watu wa mapato ya chini waache chang'aa. Hesabu za pombe na serikali ni ndefu. Lakini hiki kipande kinachonihusu mimi nakiunga mkono, hata kama kinanikosesha kodi ya nyumba.

Ombi langu kwa wenye kamera: pigeni hizo kuta, na mtaje fundi aliyechora. Mkilipwa, semeni mmelipwa. Na kabla ya kumwambia mtu ainue chupa, jiulize utakuwa wapi asubuhi yake.

Jumapili nilikuwa na huyo rafiki yangu kwa base ya mutura. Ana miezi mitatu hajagusa. Akaniomba nimpige picha, akasimama, akaanza kuangalia mikono yake.

"Sasa nishike nini?"

Nikamwambia asishike kitu. Ilituchukua muda kidogo kuzoea, lakini picha ilitoka poa.