Kiswahili Katika Kompyuta: Jina Libadilike, Jalada Lisipotee

Mwaka 1967 Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Bunge likatunga sheria iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Tangazo lilikuwa la siku moja, lakini kazi iliyofuata ilikuwa ya miaka mingi: kutafuta jina la Kiswahili la kila fomu, kila cheo na kila idara, na kuhimiza ofisi zote zitumie jina hilo hilo moja. Ndiyo sababu Baraza lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu.

Kazi hiyo haijaisha. Sasa imehamia ndani ya kompyuta, ambamo barua za Serikali huandikwa na alama za wanafunzi hutunzwa. Humo limo jambo linaloonekana dogo, lakini lenye uzito kwa kila ofisi na kila shule, nalo ni majina ya makabrasha maalumu, au folda kama wengi wanavyoyaita.

Mtu anapofungua programu ya kusimamia mafaili hukuta makabrasha ambayo hakuyatengeneza yeye. Katika kompyuta zinazotumia Linux kwa kawaida huwa manane: la vitu vilivyowekwa juu ya meza ya kompyuta, la nyaraka, la vitu vilivyopakuliwa, la muziki, la picha, la video, la violezo, na la vitu vya kushirikiana na wengine. Haya si makabrasha ya kawaida, kwa kuwa programu nyingine huyategemea. Programu ya kusomea mtandao huteremsha mizigo yake katika kabrasha la vitu vilivyopakuliwa, na programu ya kuandikia barua huanza kutafuta katika kabrasha la nyaraka. Hivyo basi jina la kabrasha la namna hii lina kazi mbili. Kwa binadamu ni jina, na kwa mashine ni anwani. Neno lililoandikwa juu ya kitufe likitafsiriwa vibaya, msomaji atacheka na kuendelea na kazi yake. Anwani ikibadilishwa ovyo, mzigo hautafika.

Ulimwenguni zimetumika njia mbili za kuyatafsiri majina haya. Njia ya kwanza ni kubadilisha jina lenyewe ndani ya diski. Mjerumani aliyetumia Windows XP alikuwa na kabrasha lililoitwa "Eigene Dateien", na programu zake zilikaa katika kabrasha la "Programme" badala ya "Program Files". Programu iliyoandikwa kwa kudhani kwamba dunia nzima hutumia anwani moja ya Kiingereza iliweza kukwama katika mashine yake. Njia ya pili ni kutafsiri kile tu kinachoonekana. Tangu Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, jina la Kiingereza hubaki ndani ya diski, na faili dogo lililofichwa ndani ya kabrasha huiarifu mashine ni jina gani la kumwonyesha mtumiaji. Kompyuta za Apple nazo hufuata njia inayofanana na hiyo.

Linux ilishika njia ya kwanza, lakini ikaiongezea daftari. Mtumiaji anapoingia mara ya kwanza, makabrasha huundwa kwa lugha aliyoichagua, ikiwa tafsiri ya lugha hiyo ipo, na anwani ya kila moja huandikwa katika faili dogo la kumbukumbu. Programu iliyoandikwa vyema hulisoma daftari hilo kwanza, ndipo ijue pa kwenda, hata kama kabrasha linaitwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo daftari peke yake halitoshi. Mtumiaji wa mazingira ya GNOME akibadili lugha baadaye, mashine humwuliza kama angependa majina ya makabrasha yafuate lugha mpya. Swali hilo huambatana na onyo kwamba vitu vilivyomo katika makabrasha ya zamani havitahamishwa. Onyo ni fupi, na wasomaji wa maonyo ni wachache. Na achukuliwe mwalimu wa taaluma aliyetunza matokeo ya mihula mitatu katika kabrasha la "Documents". Anafurahi kuiona lugha yake kwenye kioo cha kompyuta, anajibu ndiyo, kisha anafungua "Nyaraka" na kukuta kabrasha tupu. Matokeo hayakufutika. Yamo katika kabrasha la zamani, ambalo sasa halihesabiwi tena miongoni mwa makabrasha maalumu. Lakini asiyelijua hilo ataamini kwamba kazi yake imepotea, na lawama ataitupia Kiswahili. Hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi, kwa maana lugha ya taifa itaonekana kuwa ndiyo iliyovuruga kazi, na watu watarudi kwenye Kiingereza kwa hofu.

Kila mtumishi aliyepata kufanya kazi na masjala anaijua dawa ya tatizo hili. Kila jalada lina kichwa, na kila jalada lina namba ya kumbukumbu. Kichwa kipo kwa ajili ya msomaji, na namba ipo kwa ajili ya kabati. Kichwa chaweza kuandikwa upya leo asubuhi kwa Kiswahili fasaha, na barua iliyowekwa humo miaka kumi iliyopita bado itapatikana kwa sababu namba haikuguswa. Ni dhahiri kwamba njia ya pili hufuata busara hiyo hiyo, na ndiyo inayozifaa ofisi na shule. Jina linaloonekana liwe la Kiswahili, na anwani iliyo ndani isiyumbe kila lugha inapobadilishwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba huko ni kumvika mgeni kanzu, kwani ndani ya diski Kiingereza kitabaki. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwanafunzi anayejifunza kuiamuru kompyuta kwa maandishi ataona "Nyaraka" kwenye kioo, lakini amri yake itahitaji neno "Documents", naye atataka kuelezwa kwa nini kitu kimoja kina majina mawili. Lakini jambo hilo laweza kuelezwa katika kipindi kimoja cha darasa. Imani ya ofisi nzima, ikishapotea, hairudi upesi namna hiyo.

Wengine watasema afadhali majina yaachwe ya Kiingereza, kwa kuwa watu wamekwisha kuyazoea. Hoja hii ni dhaifu. Shule za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili. Kumfundisha mtoto hesabu na sayansi kwa lugha yake, kisha kumwonyesha kompyuta isiyojua hata neno moja la lugha hiyo, ni kumfundisha kwamba chombo hicho si chake. Aidha, uwezo wa kazi hii umekwisha kuonekana. Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Linalobaki ni uteuzi wa maneno, na hapo panahitajika uangalifu. "Vipakuliwa" ni neno jema. Kupakia na kupakua ni maneno ya bandarini na ya jikoni: shehena hupakuliwa melini na wali hupakuliwa chunguni, basi na kilichotoka mtandaoni nacho kipakuliwe. "Nyaraka" lina utata kidogo, kwa kuwa kwa mwalimu waraka ni agizo lenye mamlaka, kama Waraka wa Elimu. Lakini maana yake pana imekwisha kukubalika, kama linavyoshuhudia jina la Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Hatari imo katika kabrasha la nane. Kuliita "Umma" ni kumkaribisha mtumishi wa umma aweke humo barua za ofisi yake, kumbe kabrasha hilo limekusudiwa vitu vya kuonwa na wengine walio katika mtandao mmoja naye. "Vya Wote" lingemwonya mapema. Na kwa ile meza ya kompyuta, Wafaransa husema "Bureau" na Wahispania "Escritorio", maneno yenye maana ya meza ya kuandikia. Kiswahili kinayo "meza" na "eneokazi". Lolote kati ya hayo lichaguliwe, mradi liwe moja kwa kompyuta zote.

Yafaa basi wafasiri wa programu, ambao wengi wao hujitolea, wapewe orodha moja iliyopitishwa na Baraza, badala ya kila mmoja kuja na lake. Waandishi wa programu nao wasome daftari la anwani, wasikisie. Wakuu wa ofisi na walimu, kwa upande wao, wachague lugha ya kompyuta siku ya kwanza, kabla ya faili lolote kuwekwa humo. Na pale mashine yenye kazi tayari inapouliza kama majina yabadilishwe, jibu liwe kwamba ya zamani yabaki, mpaka apatikane mjuzi wa kuvihamisha vilivyomo. Lugha iliyokabidhiwa ofisi za Serikali mwaka 1967 haiwezi kushindwa na makabrasha manane.