Kimo cha Marehemu na Asili ya Namba

Mfupa wa paja ukiokotwa porini, pasipo fuvu wala nguo wala kitambulisho kando yake, mojawapo ya mambo ambayo mpelelezi hutaka kuambiwa mapema ni kimo cha mwenye mfupa huo. Mtaalamu huulaza juu ya ubao wa kupimia, husoma urefu wake, huutia katika mlinganyo, na jibu hutoka. Hapo ndipo penye hatari. Jibu hilo likiandikwa katika ripoti kama namba moja tupu, tuseme sentimita 168, hupewa heshima lisiyostahili, na hakuna aulizaye limetokana na watu gani.

Milinganyo iliyoenea sana ilichapishwa mwaka 1952 na wanasayansi wawili wa Marekani, Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia, na Goldine Gleser, mtaalamu wa takwimu. Mwaka 1948 Trotter alikwenda Hawaii kusaidia kutambua mabaki ya askari wa Marekani waliouawa katika Vita Kuu ya Pili. Askari hao walikuwa hazina adimu kwa uchunguzi wa namna hii, kwa kuwa kila mmoja alipimwa kimo akiwa hai, siku alipoandikishwa jeshini. Mfupa na kimo cha mtu yule yule viliweza kuwekwa bega kwa bega. Mifupa mingine ilitoka katika mkusanyiko wa Terry, uliokuwa ukihifadhiwa St. Louis.

Kwa mwanamume Mmarekani mweupe, wataalamu hao walipata kwamba kimo ni urefu wa mfupa wa paja mara 2.38, kisha kuongeza 61.41, vyote kwa sentimita. Kwa Mmarekani mweusi ni mara 2.11, kisha kuongeza 70.35. Na achukuliwe mfupa wa sentimita 45. Mlinganyo wa kwanza watoa 168.5, wa pili 165.3. Mfupa ni ule ule mmoja. Tofauti ya sentimita 3 na zaidi yatokana na watu waliopimwa. Uwiano wa miguu na kiwiliwili haufanani kwa watu wote, na mtu mwenye miguu mirefu kwa kiwiliwili chake, akikadiriwa kwa mlinganyo wa watu wasiokuwa na umbo hilo, ataonekana mrefu kuliko alivyokuwa.

Zaidi ya hayo, waandishi wenyewe walitaja kosa la makadirio: kwa mlinganyo wa kwanza ni sentimita 3.27 juu au chini, kipimo kinachotosha kwa takriban theluthi mbili tu ya watu. Anayetaka kuwa na hakika kwa watu 95 katika 100 hana budi kukizidisha mara mbili. Basi ile 168 yasomeka hivi: kati ya 162 na 175. Katika kijiji chochote wanaume wengi watakuwa ndani ya mipaka hiyo. Kimo, kwa hiyo, hufaa zaidi kumwondoa mtu katika orodha kuliko kumtaja, na kosa baya kuliko yote ni kumwondoa yule ambaye ndiye.

Kisa cha mfupa wa muundi chastahili kusimuliwa madarasani. Katika maelezo yake Trotter aliandika kwamba muundi hupimwa pamoja na kile kinundu cha ndani kinachoonekana kwenye kifundo cha mguu. Mwaka 1995 Richard Jantz na wenzake wawili walionyesha, baada ya kuipima upya mifupa na kulinganisha na kumbukumbu zake, kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekiacha kinundu hicho. Aliyefuata maelezo kwa uaminifu, akapima muundi wote, alipata kimo kilichozidi kwa sentimita 2.5 hadi 3. Hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 40, na si kwa uzembe wa mtu duni, kwani Trotter alikuwa miongoni mwa wapimaji stadi wa zama zake. Kilichokosekana ni mtu wa kurudi kwenye mifupa yenyewe.

Afrika Mashariki haikusahauliwa kabisa. Mwaka 1961 David Allbrook wa Makerere alichapisha milinganyo ya wanaume wa Uingereza na wa Afrika Mashariki, akitumia muundi na ulna, yaani mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho. (Trotter mwenyewe alifundisha Makerere kwa muda, mwaka 1963.) Lakini kazi hiyo ni ya wanaume peke yao, nayo imepita miaka zaidi ya 60. Kimo cha watu hubadilika kadiri lishe na afya zinavyobadilika, na mlinganyo wa mababu hauna haki ya kuwasemea wajukuu bila kujaribiwa upya. Kuipima upya miili ya watu wa nchi hizi ni kazi ya vyuo vikuu vya hapa, wala haidai mitambo ya gharama.

Watakuwapo wasemao kwamba vinasaba vimeyamaliza haya yote. Vinasaba hudai ndugu wa kulinganishwa naye, na hudai muda. Shakahola, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia Aprili 2023, wakiwemo watoto wengi. Familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Pale penye mamia ya mabaki na mamia ya wanaotafuta, jinsia, umri na kimo husaidia kujua nani alinganishwe na nani kwanza. Kwa watoto, hata hivyo, milinganyo ya watu wazima haifai hata kidogo, kwa sababu mifupa yao ingali ikikua na uwiano wao ni mwingine.

Mwalimu wa hisabati au baiolojia aweza kulianza jambo hili kwa utepe wa fundi cherehani. Kila mwanafunzi wa kidato cha mwisho apimwe kigasha, kutoka ncha ya kiwiko hadi kinundu cha kifundo cha mkono, kisha apimwe kimo akiwa hana viatu. Nukta zitiwe katika grafu, wavulana kwa alama moja na wasichana kwa nyingine, na mstari uchorwe. Kisha darasa liulizwe ni nukta ngapi zilizokaa juu ya mstari wenyewe, na vipimo vyote virudiwe wiki inayofuata na mpimaji mwingine.