Ardhi ya Kijiji Si Chambo cha Wawekezaji



Hatupingi juhudi za kupunguza hewa ukaa. Mvua hazitabiriki tena, na mkulima mdogo ndiye wa kwanza kuadhibiwa kwa moshi ambao hakuufukiza. Swali letu ni hili: serikali inapowavutia wawekezaji walete mafuta yasiyochafua hewa, ni nani abebaye hasara mradi unapoanguka?

Jibu tunalo. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliwawekea wanachama wake lengo kwamba, ifikapo 2010, asilimia 5.75 ya mafuta ya magari itokane na mimea. Soko likafunguka huko, na milango ikafunguliwa huku. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe ili ipande mibono. Bioshape ya Uholanzi ikaenda Kilwa, ambako zilitengwa hekta 34,000 za vijiji vinne. Wanakijiji wakaahidiwa ajira, visima na zahanati. Mwaka 2010 Bioshape ilifilisika. Mwaka 2011 kazi ikasimama Kisarawe, na mamia ya vibarua wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mwongozo wa serikali kuhusu nishati ya mimea ulitolewa Novemba 2010, maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Dhuluma iko wapi? Kabla mgeni hajapata hati, ardhi ya kijiji hugeuzwa kuwa ardhi ya jumla. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji waweza kulikubali au kulikataa. Likizidi hapo, kijiji hutoa maoni tu, na Waziri ndiye aamuaye. Yaani, kadiri ardhi inavyozidi kuwa kubwa, ndivyo sauti ya mwenyewe inavyozidi kuwa ndogo! Na kampuni ikifilisika, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Mfalme Ahabu alihitaji mashahidi wa uongo ili alitwae shamba la Nabothi. Siku hizi hutosha mhuri na tangazo.

Wako wasemao kwamba pasipo vivutio mwekezaji haji. Basi, apunguziwe kodi. Lakini kivutio kisicho na masharti ni sadaka ambayo maskini hutozwa kwa ajili ya tajiri.

Na sasa mlango unabishwa tena. Tangu 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya huwataka wauzaji wa mafuta ya ndege wachanganye asilimia 2 ya mafuta yenye hewa ukaa kidogo. Mwaka 2030 itakuwa asilimia 6. Sheria hiyo haiyahesabu mafuta ya mazao ya chakula, nayo ni hatua njema. Lakini mbono nao haukuwa chakula, na bado ulihitaji shamba.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kijiji kikodishe ardhi yake na kubaki mwenye mali. Pili, mwekezaji aweke dhamana benki kabla mti wa kwanza haujakatwa. Tatu, mradi ukifa, ardhi irejee kijijini pasipo kesi.

Viongozi wa walei, msikae nyuma. Hudhurieni mikutano ya kijiji, someni muhtasari kabla ya kutia sahihi, na waelezeni jirani zenu. Anayenyamaza leo asishangae kesho akikuta kigingi cha mpaka katikati ya shamba la wanawe.