Mtoa Habari au Mhakiki?

Katika taaluma za maeneo zilizoasisiwa Ulaya na Marekani, upo mgawanyo wa kazi uliozoeleka mno hata hauonekani tena: pwani yetu hutoa matini, vyuo vya ng'ambo hutoa nadharia. Fasihi linganishi imeurithi mgawanyo huo bila kuuhoji, na sisi wenyewe tunauendeleza.

Tuchukue mfano wa Muyaka bin Haji. Diwani yake iliyotolewa na William Hichens mwaka 1940 ilitegemea hati alizokusanya W. E. Taylor huko Mombasa katika karne ya 19, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Huyu Sikujua ndiye aliyezitafuta tungo na kuyafafanua maneno yake. Kutafuta, kuteua na kufafanua ni nini kama si uhakiki? Hata hivyo, yeye huitwa msaidizi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mchongaji ambaye hati alizozinakili zimehifadhiwa London na Ujerumani, naye hukumbukwa zaidi kama mwandiko kuliko kama akili.

Wapo wanaodai kuwa wenyeji walikuwa na tungo bali hawakuwa na nadharia. Dai hili halina msingi. Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za utunzi mwaka 1954. Ibrahim Noor Shariff akazieleza bahari za ushairi katika *Tungo Zetu* mwaka 1988. Mizani, vina, ukwapi na utao ni istilahi za uchambuzi. Mbona basi mwanafunzi wa uzamili hutakiwa kuusoma utendi kwa vigezo vya epiki ya Kiyunani, ilhali hakuna anayetakiwa kumsoma Homer kwa vigezo vya utendi? Ulinganishi wa upande mmoja si ulinganishi; ni kumpimia mwenzio kwa pishi yako.

Hatusemi kwamba kauli ya mwenyeji ni msahafu. Mafundi wa ushairi wamehitilafiana vikali, hususa katika mjadala wa vina na mizani wa miaka ya 1970. Lakini hitilafu hizo ndizo zinazothibitisha kuwa nadharia ipo, kwani watu hawabishani juu ya wasichokifikiria.

Hatuna budi, sisi tunaosimamia tasnifu, kuanza nyumbani. Mahali pa Sikujua ni katika sura ya nadharia. Ukurasa wa shukrani haumtoshi.