Kibao Kilichofichwa Butini
Katika jimbo la California, Marekani, gari lililopewa vibao viwili vya namba hupaswa kubeba kimoja mbele. Hata hivyo, baadhi ya wenye magari ya anasa yaendayo kasi hukificha butini, ati kutoboa bampa ni kuliharibu gari. Kisingizio hicho ni dhaifu. Mtembea kwa miguu huiona sura ya gari kabla ya mgongo wake! Tena, bampa nyingi za magari hayo zina tundu lenye hesi, la ndoano ya kukokotea. Mkono wa chuma ukikazwa humo hushika kibao pembeni, na rejeta hupata hewa. Ohio ilifuta sharti hilo mwaka 2020, California haijalifuta.