Nguvu ya motere na uzima wa watu

Ndugu msomaji, umenunua Land Rover ya zamani, Series III ya mazutu. Inapanda mlima polepole, majirani wanakucheka. Kumbe hata ilipokuwa mpya, motere ile ya litre 2,25 ilikuwa na nguvu za farasi 60 na kidogo tu. Sasa fundi wa barabarani anakuambia: «Kwa feza kidogo nitafungua visi ya pompi, mazutu yaingie mengi.» Usikubali upesi! Moshi mweusi utakaouona nyuma ni mazutu yasiyoungua, yaani feza yako inayopotea, na pistoni zinapata moto kupita kiasi.

Kwanza rudisha nguvu iliyopotea. Wakati wa kiangazi vumbi linaziba filtri ya hewa, na motere inahema kama mgonjwa wa kifua. Safisha filtri, pimisha supapu na injektere. Gharama yake si kubwa.

Ukitaka bado motere kubwa zaidi, mimi nasema: feza ya kwanza iende kwa freni. Gari hii ina freni za ngoma kwa magurudumu yote 4. Mwendo ukizidi mara 2, tangu kukanyaga freni mpaka kusimama njia inakuwa ndefu mara 4.

Tena, usikate bomba la moshi chini ya viti ili lipige kelele. Moshi una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inapanda mahali bibi na watoto wamekaa. Wakiumwa kichwa na kutapika safarini, simama, washushe wapate hewa safi, uwalete hospitali kwa motokari nyingine.