Barua kwa Jirani Zangu wa Matondoni

Kwenu masheikh, akina mama na vijana wa Matondoni, kisiwani Lamu, lililonishikisha kalamu ni habari za mafundi wetu wa vyombo, ambao, kwa mujibu wa barua nizipokeazo, siku hizi hushinda barazani wakivuta tasbihi, ilhali vijana hupita mbele yao, wakawaamkia kwa adabu, wakaenda zao.

Hapa Maskati, katika mzunguko wa barabara ya Al Bustan, imewekwa jahazi iitwayo Sohar, ambayo mwaka 1980 ilitweka tanga, nahodha wake akiwa Mwingereza Tim Severin, ikafika Canton, nchi ya China, mwaka 1981. Iliundwa Sur kwa desturi ya kale, mbao zikashonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari. Wapitao huipiga picha. Mimi niliuliza ni nani aliyeishona, nikaambiwa kuwa hata Sur, mji mashuhuri kwa mafundi wake, washonaji walikuwa hawapatikani tena, ikalazimu waletwe watu kutoka visiwa vya Lakshadweep, Bara Hindi. Na ilipoundwa ya pili, Jewel of Muscat, iliyofika Singapore mwaka 2010, mafundi wa kushona walitoka tena Bara Hindi. Dola ya hapa ina mali, iliwamudu. Sisi tutamleta nani, na kwa fedha ya nani? Maana nasi tulikuwa na mtepe, ambao Wabajuni waliushona kwa kamba na kuutwekea tanga la mkeka, na ambao ulikwisha kutoweka kabla ya Vita Vikuu vya Pili, hata leo atakaye kuuona hana budi kutazama mifano yake katika makumbusho.

Mzee jirani yetu wa upande wa pwani, ambaye mtamjua bila ya kumtaja, hachori ramani wala haandiki hesabu aundapo chombo. Hulaza mkuku, akafumba jicho moja, akaamua taruma likae wapi. Huutafuta mti uliojipinda wenyewe, kwani uliopindwa kwa nguvu hurudi. Na akisha kukalafati kwa pamba na mafuta, hupitisha ukucha penye maungio ya mbao, akajua patakapovuja kabla chombo hakijagusa maji. Nanyi mnampelekea uji wa futari, jambo lenye thawabu ambalo silikatazi. Lakini mtu mwenye ilimu hiyo, kumpa uji pasipo kumpa mwanafunzi ni kumfanya fukara kwa lazima. Na bibi zetu wasukao ukili ni vivyo hivyo.

Najua mtaniambia kuwa mashua za faiba zimekwisha ingia, na kwamba kijana ataka ujira leo, si ufundi baada ya miaka. Ni kweli. Wala wazee si malaika: wako wafichao siri za kazi, na wako wasiojua kufundisha ila kwa matusi. Ndiyo sababu sikuombeni huruma, bali nataka ijara ilipwe, kwa mzee na kwa kijana pia, ili kila mmoja ajue anachodaiwa.

Sisi jamaa wa huku tumeafikiana kuchanga bei ya mbao za mashua moja ndogo. Mzee awe fundi mkuu, alipwe kwa siku kama fundi yeyote. Chini yake wawe vijana wawili, washike tezo na keekee wenyewe, wasiwe wa kubeba maji tu. Na mashua ikiuzwa, fedha irudi katika mbao za pili. Nijulisheni ni nani atakayeshika fedha hizo, na mbao zauzwaje sasa. Lakini kwanza nendeni kwa mzee mwenyewe, mkamtake shauri, asije akaipata habari hii kwa watoto.

Wassalaam,
Ndugu yenu wa Maskati